Mjomba wa Kwenye Kitabu

Miaka sita nimesoma fasihi ya Austria nikiwa Kihonda, hapa Morogoro, na cheti sina. Nalisema mapema ili msomaji asijipe matumaini, maana mimi mwenyewe nilijipa ya kutosha. Watu wakisikia ninachosoma huuliza, "Australia?" Mwanzoni nilikuwa nawasahihisha. Baadaye nikachoka, nikawa naitikia tu, ndiyo, kule kwenye kangaruu.

Kijerumani nilikipata chuoni Dar es Salaam bila kukitafuta. Somo nililolitaka lilikuwa limejaa, na mwalimu wa Kijerumani alikuwa na wanafunzi watatu, akaninyaka mlangoni. Nikakipenda, sijui kwa nini, labda kwa sababu nyumbani hapakuwa na mtu wa kuniingilia katika jambo hilo. Nilipohitimu nikapangiwa Morogoro kufundisha Kiswahili sekondari, na Kijerumani kikakaa kabatini. Miaka ikapita, ndipo nikapata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili kwa mtandao katika chuo kimoja cha huko Ulaya: fasihi ya kisasa ya Austria katika muktadha wa jamii na historia yake. Msimamizi wangu alikuwa profesa, mama mtu mzima wa hukohuko Austria, aliyekuwa anakaribia kustaafu. Akistaafu, kozi inafungwa. Mwanafunzi wa mwisho nilikuwa mimi. Tasnifu ikikataliwa unapewa nafasi moja ya kuirekebisha, na hiyo ikishindikana basi, hakuna tena pa kugonga hodi.

Nilikitaka cheti kile kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka. Cheo kisingeniongezea, maana mwalimu wa Kiswahili mwenye uzamili wa fasihi ya Austria ni kichekesho cha ofisi ya walimu. Ila kila kitu katika maisha yangu nilipangiwa: shule nilipangiwa, kituo cha kazi nilipangiwa, hata mume nilipangiwa, akaondoka bila kupangiwa. Hiki nilikichagua mwenyewe na nilitaka nikimalize.

Fasihi yenyewe, kwa kifupi, ni ya watoto wanaowauliza wazazi wao walifanya nini wakati wa vita vya Hitler, na wazazi wanaoendelea kunywa supu. Vijiji vya milimani, vizuri kwenye picha, maua dirishani, ng'ombe wenye kengele. Ukiingia ndani ni kipigo na kunyamaza. Nilisoma haya huku milima ya Uluguru iko mbele ya baraza langu, wingu limeikalia tangu asubuhi, nikasema hawa watu nawajua. Hapo ndipo nilipopotea, pale niliposema nawajua.

Kitabu nilichokichagua kwa ajili ya tasnifu kilikuwa cha mtu mmoja anayekumbuka utoto wake katika kijiji cha namna hiyo. Baba yuko vitani. Nyumbani yupo mama, yupo yeye, yupo mdogo wake wa kike wa miaka saba ambaye hasemi na anaanguka kifafa. Na yupo Onkel, kama Wajerumani wanavyomwita ndugu wa kiume wa baba au wa mama. Onkel ndiye anayeamua ng'ombe yupi auzwe na nani ale kwanza. Siku moja inakuja karatasi kutoka mjini, Onkel anaitia saini, yule mtoto anapelekwa Vienna kwenye nyumba ya watoto wagonjwa. Baada ya miezi inakuja barua: mtoto amefariki kwa nimonia. Onkel anaikunja barua, anaiweka nyuma ya saa ya ukutani, na tangu siku ile hakuna anayemtaja yule mtoto tena. Kitabu kinaendelea kurasa mia mbili nyingine bila kumtaja.

Wakati naandika sura ya kitabu hicho, mjomba wangu alikuwa kwangu. Kaka yake mama, tumbo moja. Alishuka kutoka mlimani kwa sababu ya mtoto wa jicho, macho yote mawili, akawa anasubiri kufanyiwa operesheni hospitali ya mkoa. Tarehe zilikuwa zinasogezwa kila mara. Asiyeona hana la kufanya mchana kutwa, kwa hiyo nikirudi shuleni namkuta barazani, kofia kichwani, amegeuzia uso kwenye milima ambayo haioni.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Leo wanasemaje hao Wazungu wako?"

Nami namsomea. Nilikuwa nafungua kitabu cha Kijerumani na kumtolea Kiswahili papo hapo. Alikuwa msikilizaji mgumu. Aliuliza wanalima nini. Nikamwambia viazi. Akaridhika. Theluji hakuikubali, alisema mwandishi anapiga chuku. Lakini ukungu, kuni mbichi, njia inayoteleza, mwanamke anayeshuka na mzigo mgongoni huku anafuma soksi njiani, hayo aliyaitikia kila moja, eeh, eeh, kama mtu anayesimuliwa habari za jirani.

Onkel nilimtafsiria kuwa mjomba. Sikufikiri hata nusu dakika. Sisi Waluguru, kwa asiyejua, mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye sauti juu ya mtoto ni mjomba. Baba ni mgeni mwenye heshima zake. Zamani mwanamume ndiye alikuwa anahamia kwa mke, analima shamba la ukoo wa mke, wakikorofishana anabeba jembe lake anakwenda. Sasa mimi nasoma: mwanamume yuko nyumbani kwa mwanamke, mume hayupo, anamwamrisha huyo mwanamke, anatia saini kwa ajili ya watoto wake. Ni nani huyo kama si mjomba? Halafu ukurasa mmoja unasema Onkel alizaliwa katika chumba kile kile cha nyuma ya jiko anacholala. Nikapigia mstari mwekundu. Ushahidi huo, nikasema: kazaliwa pale kwa sababu pale ni kwa mama yao, yeye na dada yake.

Ningeandika anko yangekuwa mengine. Watoto wa Kihonda siku hizi kila mwanaume ni anko, kondakta anko, muuza chipsi anko, mwalimu wa kiume anko. Anko hana ukoo. Lakini mimi mwalimu wa Kiswahili, eti najali lugha, nikaandika mjomba.

Na mjomba wangu naye akamchukua yule mtu moja kwa moja. Alimwita "mwenzangu." Nikimaliza kusoma anasema, "Mwenzangu ana mzigo." Siku niliyofika kwenye ile karatasi ya Vienna, alisema, "Angefanyaje? Baba yuko vitani, mama analia tu. Lazima mtu mmoja awe na moyo wa jiwe." Nikaandika maneno yake daftarini, mengine yakaingia kwenye tasnifu karibu kama yalivyo.

Nilikuwa na sababu ya kuyapenda maneno hayo. Mimi nilikuwa na mdogo wangu wa kike. Alikuwa anaanguka kifafa. Nikiwa na miaka tisa, yeye sita, aliangukia motoni, mkono ukaungua. Mjomba akamshusha mlimani, kambeba mgongoni mpaka Kilakala chini ya mlima, akampeleka kwenye nyumba moja ya watoto wa namna hiyo iliyokuwa nje ya mji, upande wa kuelekea Mikese. Haipo tena, pamejengwa maghala. Mjomba hajui kusoma. Akaweka dole gumba kwenye karatasi. Masika ikapita, zikaja habari kwamba amekufa kwa kichomi na ameshazikwa. Hatukuona maiti. Mama hakumuuliza kaka yake swali hata moja, wala mimi, kwa sababu mjomba haulizwi. Mama amekufa juzijuzi bila kuuliza.

Kwa hiyo nilipofika kwenye barua ya Vienna, nimonia nikaitafsiri kichomi. Ndilo neno la nyumbani. Mjomba hakuitikia eeh. Alinyanyuka, akapapasa ukuta, akaenda kutawadha, na Alasiri ilikuwa bado sana. Nilimtazama akienda nikasema moyoni, anahuzunika. Nikaingia ndani nikaandika sura nzima kwa siku nne: kwamba Onkel ndiye mtu pekee mwenye upendo katika nyumba ile, kwamba kule kunyamaza kwake ni huzuni iliyokosa lugha. Nililia nikiandika. Sijawahi kuandika vizuri kama vile, na naamini sitaandika tena.

Profesa nilikuwa namtumia vipande vipande. Alijibu, "Inavutia." Mimi nikajiona nimefika. Sikujua kwamba kwao neno hilo linatumika pale mtu asipojua la kusema.

Siku ya mtihani wa mdomo ilikuwa Jumamosi asubuhi. Nilinunua bando la wiki nzima kwa ajili ya saa moja, nikavaa gauni la Idi, nikamwomba mjomba akae barazani asinikatishe. Kwenye skrini alikuwepo profesa na mtahini mwingine, kijana mwenye miwani ambaye karibu muda wote alikuwa anaandika. Nikaeleza tasnifu yangu. Profesa akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole kwamba ana swali moja la mbinu: nimemchukulia Onkel kuwa kaka wa mama; je, ni mbinu ya makusudi, kukisoma kitabu kwa jicho la ukoo wa kike?

Alikuwa amenifungulia mlango. Ningesema ndiyo tu, ni mbinu, leo ningekuwa nacho kile cheti kimewekwa kwenye fremu. Mimi nikamuuliza, "Kwani si kaka yake mama?"

Kijana mwenye miwani akaacha kuandika.

Profesa akanieleza polepole, kama ninavyowaeleza mimi kidato cha kwanza. Kule shamba ni la baba, analirithi mtoto wa kiume, na mwanamke ndiye anayeolewa akaja. Mwanamume aliyezaliwa kwenye nyumba ile hawezi kuwa ndugu wa yule mama. Ni mdogo wake baba. Kila msomaji wa kwao anajua hivyo kwenye ukurasa wa kwanza. Kile chumba cha nyuma ya jiko, nilichokipigia mstari mwekundu, ndicho kilichokuwa kinaniumbua muda wote.

Kisha akauliza, "Na ile barua?"

Nikasema barua inaleta habari ya kifo cha mtoto, nimonia.

"Wewe unaiamini?"

Nikasema kwa nini nisiiamini, imeandikwa.

Profesa akavua miwani yake. Akasema miaka ile kulikuwa na madaktari Vienna waliokuwa wanawaua watoto wa namna ile kwa dawa, na familia zinaandikiwa barua kwamba ni nimonia. Ziko familia zilizodanganywa kwelikweli. Ziko zilizotia saini zikijua, au zikijua nusu na kuacha nusu nyingine isijulikane. Kitabu chote, alisema, kinamhusu mtu wa aina hii ya pili. Sura yangu, iliyoandikwa vizuri sana, inamkumbatia.

Nataka nieleweke hapa, maana aibu yake bado naisikia. Mambo haya nilikuwa nimeyasoma. Yalikuwa kwenye daftari langu la mwaka wa pili, aya nzima, kwa mwandiko wangu. Dola ya wafalme wao, kuanguka kwake, kumezwa na Ujerumani, vita, wale watoto: vyote nilivikariri, mtihani wa historia nilifaulu vizuri. Muktadha nilikuwa nao. Nilipofungua kitabu niliuacha mlangoni, nikaingia na mjomba wangu.

Walinipa wiki tatu. Niandike upya sura ile moja, nionyeshe Onkel alijua nini na kitabu kinatuonyeshaje kwamba alijua. Profesa aliniambia pa kuanzia: angalia kwamba katika miezi yote ile hakwenda kumtazama mtoto hata mara moja. Kazi ya kurasa kumi na tano. Mtu aliyeandika sura nzima kwa siku nne angeifanya na muda ukabaki.

Nikatoka barazani. Mjomba akanigeuzia uso.

"Umeshinda?"

"Sijashinda. Nimepewa wiki tatu."

"Pole mama. Wamekukamata wapi?"

Nilikuwa na hasira, na ukweli ni kwamba nilikuwa natafuta mtu wa kummwagia. Ningeweza kusema nimechoka nikaenda kubandika chai. Nikamwambia, "Kwako wewe. Yule mwenzako si mjomba. Ni baba mdogo."

Akafikiri kidogo, halafu uso wake ukalegea. Alifurahi, nilimwona. "Aah," akasema, "ndiyo maana. Mimi nilikuwa najiuliza, mbona hana uchungu. Baba mdogo mtoto si wake. Sasa imekaa sawa."

Ningeishia hapo. Alikuwa amepata pa kupumulia, na mimi nilikuwa nimepata sentensi ya kwanza ya sura mpya. Lakini nikaendelea. Nikamwambia kwamba ile barua ni ya uongo, kwamba mtoto aliuawa na madaktari na kichomi kiliandikwa tu, na kwamba yule mtu alitia saini.

Jirani alikuwa anafua, maji yanamwagwa. Mwishowe mjomba akauliza, "Alijua?"

"Kitabu hakisemi. Ila profesa anasema alijua, kwa sababu hakwenda kumtazama."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja, mjomba."

Akavua kofia, akaishika magotini. Kichwa chake kilikuwa kimejaa mvi kuliko nilivyodhani. Akasema, "Mimi nilikwenda. Nilifika getini."

Sikumwambia aseme, wala sikumwambia aache. Alisema alikwenda baada ya mwezi, amembebea ndizi mbivu alizokuwa anazipenda. Mlinzi akamwambia asubiri, akaingia kutoa habari. Nadhani walimwambia yule mtoto kwamba ana mgeni, kwa sababu mjomba alimsikia anaita kutoka ndani. Alikuwa anaita mjomba. Hakumwita mama yake, alimwita yeye, mjomba, mjomba, sauti inakuja inasogea. "Nikasema moyoni, nikimwona nitarudi naye. Nikirudi naye, moto upo palepale, mama yako ana mimba nyingine, na mimi ndiye niliyewaambia wote kwamba nimelimaliza jambo hili. Nikaziweka ndizi chini. Nikaondoka kabla mlinzi hajarudi."

Kisha akasema, "Sijui kama ni kichomi. Zilipokuja habari sikuuliza. Niliogopa wataniambia."

Mtu asiyeona hajui unamtazama vipi, na nilishukuru kwa hilo. Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake, na moyo wangu ulikuwa umekauka kabisa. Nilitegemea hasira, nilitegemea machozi, hakikuja kitu. Nilimfikiria mdogo wangu akifika getini na kukuta ndizi.

Mjomba akauliza, "Hilo utaliandika kwenye mtihani wako?"

"Hapana."

"Si wanataka kujua kama alijua?"

"Wanataka."

"Basi waandikie," akasema. "Waandikie mtu anajua."

Kwetu hapa mtu akijikwaa barabarani huambiwa pole hata na asiyemjua. Mjomba mwenyewe alikuwa ameniambia pole muda mfupi tu uliopita, kwa ajili ya karatasi. Nilikaa naye pale mpaka Adhuhuri ikaadhiniwa, nikilitafuta neno hilo moja nimpe, na halikutoka. Nikamwekea maji ya kutawadha, nikaingia ndani.

Wiki tatu nilifungua kompyuta kila siku nikitoka shuleni. Niliandika, "Onkel alijua." Nikafuta. Nikaandika kwamba hakujua. Nikafuta. Siku ya mwisho profesa aliniandikia mwenyewe, barua nzuri, akiuliza kama nina tatizo la mtandao. Nikamjibu ndiyo, ni mtandao.

Operesheni ya mjomba ilifanikiwa, macho yote mawili. Siku walipomfungua bendeji alinitazama, akainamisha uso, akaomba arudi nyumbani kesho yake. Nilimsindikiza mpaka njia inapoanza kupanda, nikampa shikamoo, akaitikia. Akapanda peke yake, anaona kila jiwe. Hajashuka tena, na mimi sijapanda.